Nani Alikuwa Ameishika

Fundi wa mashine za boti aliyekuwa jirani yangu pale Igogo hakuwahi kupanda boti. Watu wa mwaloni, pale ufukweni boti zinaposhusha samaki, walimcheka kwa hilo mpaka wakachoka. Mashine akishaitengeneza aliifunga kwenye ubao, mguu wa mashine ukazama ndani ya pipa la maji, akavuta kamba, akasikiliza. Mtu akimwambia, "Fundi, twende tukaijaribu ziwani," alijibu, "Kwani haya si maji?" akaendelea kufuta mikono.

Mimi nilikuwa na kibanda cha chai na chapati ubavuni mwa karakana yake. Tulitenganishwa na ukuta mmoja wa mabati, yeye kule, mimi huku. Kwa miaka mingi nilijua afya yake kwa kikohozi na siku yake kwa sauti ya spana.

Naandika habari zake kwa sababu amezikwa na watu wa kanisa lake ambao hawakumjua sana, na mimi nilipata taarifa udongo ukiwa umeshakauka. Tena naandika kwa sababu mwaloni bado wapo wanaosema kazi yake mbovu ndiyo iliyomuua mume wangu. Si kweli. Nilisema si kweli tangu mwanzo, na sikuaminiwa. Nilichokitaka miaka yote hiyo ni jina lake lirudi kama lilivyokuwa. Shule yangu iliishia darasa la saba, kwa hiyo nitaeleza kama nilivyoona.

Swali lake la kwanza lilikuwa lile lile siku zote. Mashine ikiletwa begani, hata haijatuliwa chini, aliuliza: "Nani alikuwa ameishika?"

"Mimi ndiye mwenye mali, fundi. Niulize mimi," tajiri mmoja alimwambia.

"Sijakataa kwamba mali ni yako. Ilipozimika, nani alikuwa ameishika?"

"Dereva wangu."

"Yuko wapi?"

"Amelala nyumbani. Amechoka, ametoka visiwani."

"Basi iache hapo. Mwache alale, akiamka aje."

Tajiri alisonya, lakini mashine aliiacha. Dereva alipokuja, fundi alimkalisha kwenye kopo la rangi lililopinduliwa, naye akakaa kwenye tairi, wakatazamana. Kwetu mtu akifika msibani hakai tu akanyamaza. Anauliza: alianza kuumwa lini, alikula nini, alisema nini mara ya mwisho, nani alikuwa naye. Na yule aliyekuwa naye anasimulia, hata kama amesimulia tangu asubuhi, anarudia tangu mwanzo. Ndivyo fundi alivyouliza habari za mashine. Ilikatika ghafla au ilififia? Ilikohoa? Ulipovuta kamba iliitika au ilikaa kimya? Ilikuwa inanguruma na boti haiendi, au vyote vilisimama pamoja? Mpaka asimuliwe yote hakushika spana. Na kama dereva anaficha jambo, fundi aliliona, akasema kwa upole, "Rudia hapo."

Kulikuwa na dereva ambaye mashine yake ilikuwa inamzimikia kila akifika karibu na mawe fulani kwenye njia ya Ukerewe. Alikwisha kubadilisha plagi, kabureta ilikuwa imesafishwa, na mganga alikuwa ameonwa.

"Pale kuna mwenyewe, fundi," alisema. "Nikifika inafifia, inakufa. Nikimpa petroli kidogo, nikaimwaga majini, nikivuta kamba inawaka."

"Hiyo petroli unaitoa wapi?"

"Si kwenye tangi hili hili, fundi?"

"Unafungua kifuniko?"

"Sasa nitaimwagaje bila kufungua?"

Fundi akaomba kifuniko cha tangi. Akakitazama kwenye jua, akachukua waya mwembamba, akauchomeka kwenye kitundu ambacho mimi nisingekiona, akapuliza. Kikatoka kipande cha rangi kavu.

"Tangi lako lilikuwa halipumui," alisema. "Mafuta yakipungua hewa haiingii, mashine inakosa mafuta. Kutoka hapa mpaka kwenye yale mawe ndipo pumzi yake inapoisha. Ukifungua kifuniko linapumua. Huyo mwenyewe hajawahi kuonja petroli yako."

"Kwa hiyo nisimpe tena?"

"Mpe ukipenda. Ila mpe kitu kingine, petroli imepanda bei."

Sote tulicheka, na yeye peke yake hakucheka. Jioni watu walipoondoka nilimsikia nyuma ya mabati akicheka taratibu, akanyamaza, akacheka tena. Nilitaka kumwitikia. Nikaona kicheko cha mtu aliye peke yake si cha kuingiliwa.

Alikuwa na bisibisi ndefu. Ncha aliigusisha kwenye mashine inayonguruma, mpini akaukandamiza kwenye mfupa wa nyuma ya sikio, akafumba macho. Kwa njia hiyo alijua beringi ipi imechoka. Miaka ilivyokwenda alianza kuukandamiza zaidi, kisha akawa anauma mpini kwa meno. Watu walisema ufundi umemzidi. Mimi nilikuwa nampelekea chai, na nilianza kuona kwamba nikimsemesha kwa nyuma hageuki.

Alikuwa Msabato. Jumamosi hakugusa spana wala hakufungua mlango, hata kwa mtu aliyetoka mbali. Wavuvi walimtukana kwa hilo, kwa sababu samaki hawajui Jumamosi. Lakini akitoka ibadani alipita njia ya ufukweni, katika shati lake jeupe na Biblia kwapani, akitembea polepole. Kesho yake asubuhi alimwita dereva fulani: "Jana ulipita hapa na mashine inakohoa upande mmoja. Plagi ya juu." Dereva akamuuliza, "Sasa jana si ulikuwa kwenye Sabato?" Akajibu, "Masikio hayana mlango." Hakuona kwamba kuna ubishi wowote hapo.

Aliishi peke yake. Wengine walisema ana mke upande wa Musoma, wengine walisema alikuwa naye akafa. Sikumuuliza. Alikula akiutazama ukuta. Kikombe chake cha bati, cha bluu, kilikaa kwangu kibandani, na asubuhi nilikijaza kabla ya vikombe vya wateja. Mimi aliniita shemeji, kwa sababu yeye na mume wangu walikuwa wakiitana ndugu.

Mume wangu alikuwa dereva wa boti ya kukusanya sangara. Miaka ile viwanda vya samaki vilikuwa vimefunguliwa, matajiri wapya walikuwa wananunua mashine, na kila duka la mjini liliuza spea, nzuri na za bandia pamoja. Alikwenda visiwani na barafu, akarudi na samaki. Sisi tuliobaki tulikaanga mapanki, yale mifupa na vichwa vilivyobaki kiwandani, maana minofu ilipanda ndege. Alikuwa mtu wa haraka na wa utani. Fundi alikuwa mtu wa taratibu. Sijui walipendana kwa nini, lakini mume wangu akirudi alipita kwanza kule ng'ambo ya mabati, ndipo akaja kwangu.

Kisha yakaja magugu maji. Asubuhi unaamka ghuba yote ni ya kijani, unaweza kudhani ni shamba. Boti ikipita, magugu yanajisokota kwenye pangaboi linaloisukuma. Ndani ya pangaboi kuna pini, ndogo kama kidole cha mtoto, na pini hiyo ni laini kwa makusudi. Pangaboi likigonga jiwe au likikamatwa, pini inakatika, na gia zilizo ndani ya mguu wa mashine zinapona. Unatoa iliyokatika, unaweka nyingine, unaendelea. Fundi alizikata kutoka kwenye fito za shaba za kuchomelea, akazihifadhi kwenye kopo la maziwa. Kabla ya magugu, dereva aliweza kukaa na pini moja muda mrefu. Yalipokuja, zikawa zinakatika kila safari.

Ndipo madereva wakaanza kuweka misumari. Msumari haukatiki. Unapita kwenye magugu kwa nguvu, nawe dereva unafurahi, unadhani umeshinda. Lakini kile ambacho pini ingekibeba kinabebwa na gia, jino moja linamegeka leo, jingine kesho, au yote kwa mkupuo magugu yakiwa mazito, mpaka mashine inanguruma na boti haisogei. Fundi aliichukia misumari kuliko kitu chochote. Akiukuta msumari kwenye pangaboi aliutoa, akaunyanyua juu watu wote wauone, akauliza, "Nani alikuwa ameishika?" Mwenye kosa alichekwa mwaloni mzima, na hiyo ilikuwa adhabu ya kutosha.

Siku moja, Jumamosi mchana, mume wangu alikuja kibandani kwa haraka akitafuta kitu. Alichukua msumari kwenye nguzo yangu. Nilimwona. Akaondoka na mwenzake mmoja.

Jioni ile kulikuwa na upepo mkali. Mwenzake aliokolewa na watu wa mtumbwi, amekumbatia boksi la barafu. Mume wangu alipatikana kesho yake. Msibani watu walimuuliza yule aliyepona, kwa sababu ndiye aliyekuwa naye, na alisimulia mpaka sauti ikakauka. Mimi nilikuwa ndani na wanawake, nimefunikwa khanga, nikisikia maneno yale yale kupitia dirishani. "Mashine haikufa," alikuwa akisema. "Ilinguruma mpaka mwisho. Boti ndiyo iliyokataa kwenda. Tukageuziwa ubavu, wimbi likaingia."

Baada ya maziko boti ilivutwa hadi Igogo, na mashine ikapelekwa kwa fundi. Tajiri mwenye boti alikuwepo, shemeji zangu walikuwepo, watu wa mwaloni walijaa. Nilitoka nikasimama kwenye kona ya mabati. Tajiri alisema waziwazi: "Fundi, nataka kujua kitu kimoja. Ni mkono wa dereva au ni mkono wako?"

Kwa mara ya kwanza fundi hakuuliza nani alikuwa ameishika. Alifungua mguu wa mashine, mafuta yakamwagika meusi, yakimetameta vipande vya chuma. Akatoa gia, zimemegeka meno yote. Kisha akafungua pangaboi. Nilikuwa namtazama mikono. Vidole vilivuta kitu, ngumi ikafunga, ngumi ikaingia mfukoni mwa ovaroli, ikatoka imefunguka.

"Gia nilizifunga mimi," alisema. "Hazikukaa sawa. Kosa ni langu."

Nikasema pale pale, kwa sauti, "Fundi, ni msumari. Alichukua kwangu, nilimwona."

Watu wote waligeuka. Fundi alinitazama kama mtu anayetazama mashine asiyoijua. "Shemeji ana majonzi," aliwaambia. "Mpelekeni akapumzike."

Nilisema tena kwa shemeji zangu, nikasema kwa tajiri, nikasema kanisani kwetu. Kila niliyemwambia aliniuliza kitu kimoja: kama kulikuwa na msumari, fundi angejisingizia kwa faida gani? Wakapata jibu lao wenyewe. Nilimsikia mteja wangu akimwambia mwenzake, chapati yangu ikiwa mkononi mwake, "Mjane anamtetea fundi. Hushangai?" Na mwenzake akasema, "Nishangae nini? Mabati yenyewe yana matundu."

Fundi naye alisikia, au aliambiwa. Kesho yake alikuja mbele ya kibanda, watu wakiwepo, akasimama mbali kidogo. "Shemeji, naomba kikombe changu. Nitakuwa nachemsha mwenyewe." Nikampa. Alikishika kwa mikono miwili, akasema asante, akaenda. Tangu siku hiyo hakukanyaga kwangu, na mimi nikipita kwake alijifanya anatafuta kitu kwenye pipa. Alikuwa analinda jina langu. La kwake alikwisha kulitoa.

Wateja walipungua. Kulikuwa na mafundi wengine, vijana kutoka Kirumba, wepesi, wasiouliza maswali. Siku nyingine sikusikia spana mpaka jua likazama. Nilimsikia akiimba wimbo wake mmoja wa kanisani, ule aliokuwa akiuimba pamoja na mashine ikinguruma polepole kwenye pipa. Bila mashine wimbo ulikuwa unapotea njia, anauacha katikati. Mimi upande wangu nilikanda unga. Tulikuwa wapweke wawili, katikati kuna bati moja, na hatukuweza hata kuombana chumvi.

Baadaye akahama. Niliona kufuli asubuhi, kisha mwenye kiwanja akabomoa, akajenga ghala. Pipa lilibaki limelala ufukweni mpaka mtu akalichukua.

Mara ya mwisho nilimwona mtaa wa Pasiansi. Muumini mwenzake alipita kibandani akataja kwamba fundi anaumwa, amepanga chumba, anatengeneza majiko ya mafuta ya taa. Nikafunga chapati, nikajaza chai kwenye chupa, nikaenda. Ilikuwa Jumapili mchana. Uani wanawake walikuwa wanafua, na mmoja wao alikuwa mtu wa Igogo, nilimfahamu sura. Fundi alikaa mlangoni kwenye kigoda, amekonda, jiko limefumuliwa miguuni pake. Nikasema shikamoo. Hakuitikia. Nikamgusa bega.

"Shemeji," alisema, kama aliyekuwa ananitarajia. "Sema kwa nguvu. Masikio yameondoka yote."

Nikainama kwenye sikio lake, nikauliza lile nililokuwa nimelibeba. "Kwa nini ulisema ni wewe?"

"Eti?"

Ikabidi nipaze sauti. "Kwa nini ulisema kosa ni lako? Msumari ulikuwepo. Uliutia mfukoni, nilikuona."

Wanawake waliacha kufua. Niliwaona kwa pembe ya jicho, nikaona siwezi tena kurudi nyuma.

Aligeuzageuza kipande cha jiko. "Alinikuta njiani," alisema, kwa sauti kubwa ya watu wasiosikia. "Natoka ibadani. Akaniambia, ndugu yangu, pini zimeisha, nifungulie nichukue mbili tu. Ufunguo nilikuwa nao mfukoni. Nikamwambia, kesho. Akacheka, akaniambia, haya mtakatifu, kesho. Akaenda." Akaweka kile kipande chini. "Watu walitaka kujua ni mkono wa nani. Nikawaambia."

Sikulijua hilo. Miaka yote sikulijua. Nilisimama pale na chupa yangu ya chai.

Kisha akavuta kopo la rangi lililokuwa nyuma ya mlango, akalipindua, akalipigapiga kuonyesha nikae. Nikakaa. Akanikazia macho kama alivyokuwa akiwakazia madereva.

"Mimi aliniacha njiani," alisema. "Lakini akaja kwako. Wewe ndiye uliyekuwa naye mwisho. Nisimulie alivyoondoka. Anza mwanzo."

Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza. Msibani aliulizwa yule wa kwenye boti. Mimi niliambiwa nyamaza, tulia, Mungu yupo.

Nikasimulia kwa kupaza sauti, ua mzima ukisikia. Nikasema alikuja anakimbia, amevaa fulana yenye tundu begani. Nikasema alikunywa chai kwenye kikombe cha mteja, amesimama. Nikasema aling'oa msumari kwenye nguzo, ule niliotundikia chujio la chai, chujio likaanguka kwenye majivu. Nikamwambia, sasa chujio langu nitalitundika wapi? Akasema, jioni nitakuletea msumari mwingine, mrefu kuliko huu, utundike na sufuria. Nikamrushia kitambaa. Akakidaka, akajifuta mdomo, akanirudishia, akaenda.

"Rudia hapo," alisema fundi kwa upole. "Hapo alipouchukua. Ulijua anaupeleka wapi?"

Sijui kusema uongo, na pale pasingefaa. "Nilijua," nikasema kwa nguvu. "Kila mtu alikuwa anaweka misumari. Nilijua, nikacheka."

Alitikisa kichwa taratibu kukubali, kama mtu aliyegusisha bisibisi mahali penyewe.

"Mashine ilikuwa inalia vizuri alipoondoka?"

"Ilikuwa inalia vizuri. Niliisikiliza mpaka ikapita mawe ya ghubani."

"Pini niliikatalia mimi," alisema. "Msumari ulitoka kwako. Akaufunga yeye." Akatazama mikono yake. "Basi tulikuwa watatu, shemeji."

Yule mwanamke wa Igogo alikuwa amesimama, povu likimtiririka mikononi, anatusikiliza bila kujificha. Fundi hakumwona. Aliingiza mkono nyuma ya mlango, akatoa kile kikombe cha bluu, akakipangusa kwa pindo la shati, akaninyooshea nikijaze.